Mgeni Asiye na wa Kumleta

Mara ya kwanza Levent aliposogeza pazia la mlango wetu, nilimdanganya nikiwa nimeinama.

"Samahani sana, bwana," nilimwambia. "Leo tumejaa."

Ni mrefu, nami nilikuwa nimeinama mpaka kiunoni, kwa hiyo aliona kila kitu juu ya kichwa changu: kaunta ya mbao, viti vinane, na mama yangu akipanga vijiti vya kulia. Hapakuwa na mteja hata mmoja.

"Nimeona," alisema kwa Kijapani cha taratibu. "Poleni kwa msongamano."

Akaondoka bila kununa. Nilibaki nimeinama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, maana nilikuwa nacheka na sikutaka Mama auone uso wangu.

Nyumba yetu ya chakula inaitwa Hisagi, na haipokei mtu asiyeletwa. Ni hivyo tangu enzi za bibi yangu. Mtu huingia mara ya kwanza akiwa nyuma ya mteja wa zamani, na Mama humuuliza yule wa zamani swali moja tu pale mlangoni: "Unambeba mwenyewe?" Akijibu ndiyo, basi amembeba. Mgeni akilewa akatukana watu, aliyemleta ndiye anayekuja kesho yake kuomba radhi, na baada ya hapo wote wawili hatuwaoni tena. Sisi wa nyumba hatuwezi kumleta mtu, kwani tutamwomba radhi nani? Nyumba za namna hii zimebaki chache hapa mtaani Kagurazaka. Zimejificha kwenye vichochoro vya mawe ambako kelele za Tokyo hazifiki, na wapita njia hudhani ni makazi ya watu. Mama anapenda waendelee kudhani hivyo.

Levent alikuwa Mturuki wa Izmir, mhandisi wa lifti, aliyeletwa Tokyo na kampuni yake kwa mkataba. Alipanga chumba ng'ambo ya mfereji, na kila alipopata nafasi alipandisha mteremko wetu akila mlango mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeandikiwa dawa. Tulikutana tena kwa muuza tofu, ile jibini laini ya soya, wiki chache baadaye.

"Wewe ndiye dada wa ile nyumba iliyojaa," alisema.

"Na wewe ndiye bwana anayechungulia."

"Kwetu mtu akibisha hodi wakati wa chakula anakalishwa kwanza. Jina ataulizwa baadaye."

"Kwenu hamna majirani wabaya?"

"Tunao. Hao ndio wa kwanza kubisha."

Nilicheka tena, safari hii nikiwa nimesimama wima, mbele ya muuza tofu na mdomo wake mrefu. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Jumapili Hisagi hufungwa. Jumapili ya kwanza tulikula mkunga wa kuchoma kwenye chumba kidogo kilichojaa moshi. Iliyofuata ilikuwa zamu ya maandazi ya mvuke. Tuliendelea hivyo mpaka majani yakaanza kubadilika rangi. Levent akionja kitu kitamu hufumba macho na kunyamaza, na mimi nilipata ugonjwa wa kumwangalia akiwa amefumba. Nilikuwa mjane. Tangu Naoki afe nilikuwa nakula nimesimama jikoni, haraka haraka, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikiwa na Levent nilikaa kitako. Nilimpenda, sina namna nyingine ya kulisema, na kwa kuwa nilimpenda nilimficha.

Mchana wa siku za kazi alikula tambi za soba kwenye duka lililo chini ya mteremko, na huko alikuwa na rafiki.

"Mzee mmoja hivi," aliniambia. "Ananifundisha kuvuta tambi kwa sauti. Anasema nakula kama niko msibani."

"Anaitwa nani?"

"Tumeanza kula pamoja tangu majira ya joto, sasa naona haya kumuuliza. Namwita mwalimu."

Siku tuliyogombana ilikuwa Jumanne. Aliniomba tukutane kando ya mfereji kabla sijaenda kufungua, na nilipomwona amekaa kwenye benchi bila chakula chochote mkononi nilijua kuna jambo.

"Kampuni imeniuliza," alisema. "Niongeze mkataba au nirudi Izmir. Jumatatu wanataka jibu."

"Na wewe unataka nini?"

"Usiniulize mimi, Chizuru. Mimi nilishasema tangu siku ile niliyoambiwa pamejaa nikarudi tena."

Niliyatazama maji. Yalikuwa ya kijani, na bata wawili walikuwa wanajishughulisha na mambo yao.

"Nimeingia kila mlango wa mtaa huu isipokuwa wako," aliendelea. "Tukimwona mteja wenu kwa mbali, unavuka barabara. Jumapili iliyopita uliniacha na mfuko wa maandazi naongea na ukuta."

"Ni desturi ya nyumba, Levent. Si mimi."

"Desturi inasema niletwe. Haisemi nifichwe."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa katika Kijapani sanifu kuliko chochote alichowahi kuzungumza. Ilinibidi nimweleze kile ambacho nilikuwa nakikwepa.

"Kuna kiti," nilisema. "Cha pili kutoka mwisho. Kilikuwa cha mume wangu. Kila Alhamisi baba yake anakuja anakaa cha mwisho, na kile cha pembeni yake hakikaliwi na mtu. Mama humwekea Naoki vijiti na kikombe, na mzee anakula polepole, kisha anaondoka. Hajakosa Alhamisi hata moja. Sasa niambie, nikuingize kwa mlango upi wewe?"

Nilitegemea akasirike. Badala yake aliuliza, "Mumeo alipenda chakula gani?"

"Figili ya kuchemsha. Alikuwa anaila mpaka mchuzi."

"Basi mimi sitaki kiti chake. Sijawahi kukitaka. Hata nikisimama jikoni kwenu nitatosheka, ilimradi mama yako anajua ni mimi niliyesimama." Aliinuka, akafunga vifungo vya koti. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujisumbua kuyaficha. "Nina miaka arobaini na moja. Nimechoka kupendwa kwenye vichochoro. Jumatatu, Chizuru."

Akavuka daraja. Aligeuka mara moja, akanitazama, halafu akaendelea kwenda.

Kesho yake asubuhi tulikuwa jikoni, Mama na mimi, tukimenya figili. Mama huzungumza mambo mazito akiwa na kisu mkononi, ili asilazimike kumtazama mtu.

"Muuza tofu anasema siku hizi unanunua vipande viwili," alisema.

"Napenda tofu."

"Unapenda tofu ya Kituruki."

Kisu changu kilisimama. Chake kiliendelea, na ganda likateremka refu bila kukatika.

"Tangu lini unajua, Mama?"

"Tangu ulipoinama mlangoni ukasahau kuinuka." Aliweka figili chini. "Simchukii yule bwana. Simjui, nitamchukiaje? Lakini nisikilize, mwanangu. Baba yako alipokufa, wateja walitukimbia mmoja mmoja. Walisema kaunta ya mwanamke peke yake haina heshima. Mzee Ubukata hakukimbia. Alileta wenzake wa kazini, akawabeba wote kwa jina lake, mpaka hivi viti vikajaa tena. Halafu akakuletea na mume."

"Najua, Mama."

"Hujui, ndiyo maana naongea. Yule mzee sasa ana nini? Mke hana, mtoto hana. Ana Alhamisi. Siku atakapomkuta mwanamume mwingine kwenye kaunta hii anakutazama wewe, hatasema kitu. Atasifia chakula, ataniinamia pale mlangoni, na hatarudi tena. Unamfahamu alivyo."

Nilimfahamu. Baba mkwe wangu ni mtu anayeweza kuondoka maishani mwako kwa upole kiasi kwamba utagundua baada ya mwaka.

"Na mimi je?" niliuliza. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Mimi ni mwanao. Ningependa na mimi niwe na siku moja kwa wiki."

Mama alinitazama, na uso wake ulilegea. Kwa muda nilidhani atanishika mkono. Kisha akachukua figili nyingine.

"Menya," alisema taratibu. "Kesho ni Alhamisi."

Sikulala vizuri, na sikumpigia Levent simu. Ningemwambia nini? Alhamisi jioni nilitundika pazia mlangoni, nikaweka vijiti vya Naoki na kikombe chake mahali pake, nikapasha taulo za kupangusia mikono. Mzee Ubukata hula mapema, kabla wengine hawajafika. Nilisikia fimbo yake kwenye mawe ya kichochoro, na nyuma ya fimbo nikasikia viatu vya mtu mwingine.

Pazia likafunguka.

"Bi. Fusae," alisema mzee, "leo nina mgeni. Naomba umpokee."

Nyuma yake, akiinama kuepa boriti ya mlango, aliingia Levent. Alikuwa amevaa tai. Uso wake ulikuwa umepauka kama wangu, na hapo nilijua kwamba hii haikuwa njama yake.

"Aliniambia nivae vizuri, anataka kunilisha mahali pazuri," alisema kwa sauti ya chini, bila kujua amwambie nani. "Tulipoingia kichochoro hiki nikataka kurudi. Akanishika mkono wa koti."

"Na bado nimeushika," alisema mzee. Ilikuwa kweli.

Sijawahi kumwona mama yangu akikosa neno. Nimemwona akitoa walevi nje, akizungumza na mawaziri, akimzika baba yangu bila kutetereka. Jioni ile alisimama na kitambaa mkononi. Macho yake yalikwenda kwenye kiti cha Naoki, yakaja kwangu, yakarudi kwa mzee.

"Mzee Ubukata," alisema hatimaye. "Huyu bwana unamfahamu?"

"Ni mwenzangu wa soba. Kula hajui, lakini anafundishika."

"Nakuuliza unamfahamu kweli?"

Mzee aliuachia mkono wa koti. Alivua kofia yake na kuishika kifuani.

"Tangu majira ya joto ananisimulia habari za mwanamke anayempenda," alisema. "Hajapata kunitajia jina, ana adabu hiyo. Alisema tu anafanya kazi kwenye nyumba yenye viti vinane, na kwamba akiinama huwa anacheka. Nikaacha kula. Mtu anayecheka ameinama namjua mmoja tu. Siku Naoki alipomleta nyumbani kwangu, aliinama pale mlangoni mabega yakatikisika, mimi nikadhani binti wa watu analia."

"Baba," nilisema.

"Nikasubiri uniambie, Chizuru. Kila Alhamisi nilikuja nikasubiri. Ukanimiminia sake na kuniuliza habari za magoti." Hakuwa na hasira. Alikuwa ametabasamu kidogo, kwa huzuni. "Jumanne huyu bwana alikuja kwenye soba akaagiza bakuli, hakuligusa. Akaniambia anarudi kwao. Hapo nikaona mtaendelea kunilinda mpaka nife."

"Niliogopa utaacha kuja," alisema Mama. Kitambaa alikuwa amekikunja kikawa kamba. "Miaka yote hii, Mzee. Ningekuombaje radhi?"

"Bi. Fusae, mimi Alhamisi nakuja kula na mwanangu. Huyu bwana hilo halimhusu, na wala hajataka limhusu. Tafadhali niulize swali lako."

Mama alivuta pumzi. Alinyoosha kimono chake, akasimama mbele ya mlango kama asimamavyo siku zote, kama alivyosimama bibi yangu.

"Unambeba mwenyewe?"

"Nambeba mwenyewe," alijibu mzee, akainama.

Na Levent, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha, aliinama naye, chini zaidi ya mzee, akabaki hapo. Mabega yake yalitikisika. Yeye alikuwa analia kweli.

Sasa kulikuwa na suala la viti. Mama aliwahi kusema kwamba mgeni hukaa pembeni ya aliyemleta, na pembeni ya mzee kulikuwa na vijiti na kikombe cha Naoki. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mzee aliitundika fimbo yake ukutani, akakivuta kiti cha pili kutoka mwisho, kiti ambacho hakikuwa kimeguswa tangu msiba, na akakikalia yeye.

"Cha Naoki nitakikalia mimi," alisema. "Mimi ni baba yake, hatagomba." Akapigapiga kile cha mwisho, kilicholainishwa na miaka yake mwenyewe. "Wewe kaa changu."

Levent hakukaa. Alimtazama mama yangu.

Mama alikwenda nyuma ya kaunta, akachukua taulo ya moto, akaiweka mbele ya kiti cha mwisho. "Kuna kitu usichokula?" aliuliza, kwa sauti ile ile anayomuulizia kila mtu.

"Nguruwe, mama. Vingine vyote nakula."

"Figili je?"

"Nimesikia ya hapa huliwa mpaka mchuzi."

Mkono wa Mama ulisimama juu ya sufuria. Alijua ni Naoki aliyekuwa akila hivyo, na alijua ni mimi niliyemsimulia. Alichagua kipande kutoka katikati, pale panapoiva vizuri, akakiweka kwenye bakuli na kulijaza mchuzi mpaka ukingoni. Levent alikaa, akaonja, akafumba macho.

"Vuta kwa sauti," alisema mzee. "Hatuko msibani."

Akavuta, mchuzi ukaruka kwenye tai. Mama aligeukia jiko upesi, na kwa jinsi mgongo wake ulivyokuwa ukitikisika nilielewa nimerithi wapi kicheko changu. Baada ya hapo walikula kibua wa kuchoma kwa chumvi, na wali, na mzee akamsimulia Levent jinsi Naoki alivyoogopa lifti utotoni, akalazimisha familia nzima kupanda ngazi za duka kubwa. Jina la mume wangu lilitajwa kwenye kaunta ile kwa mara ya kwanza bila sauti kushuka. Nilisimama na birika mkononi, nikimtazama mmoja, nikimtazama mwingine, na sikujificha.

Wateja wengine walipoanza kuingia, mzee aliomba fimbo yake.

Mama ana desturi moja ambayo hajapata kunikabidhi. Mteja akiondoka, humsindikiza mwenyewe mpaka kona ya kichochoro, anainama, na hainuki mpaka mtu apotee machoni. Jioni ile alianza kumtoa mzee kama kawaida. Levent alikuwa anahangaika na koti lake, nami nilisimama pembeni nikisubiri Mama arudi amtoe na yeye, maana ndivyo utaratibu ulivyo. Kabla hawajafika kona, Mama alirudi akaingiza kichwa ndani ya pazia.

"Chizuru, vua aproni."

"Kuna kazi, Mama. Watu wanaingia."

"Nimeendesha kaunta hii kabla hujazaliwa. Vua aproni umsindikize huyu."

"Mpaka kona?"

"Kona ni ya wateja," alisema Mama. "Huyu msindikize mpaka stesheni."

Tulitoka. Kwenye kona mzee alikuwa bado anamsubiri Mama aje kumwinamia, akanikonyeza kwa jicho moja, jambo ambalo sikujua analiweza. Tuliteremka barabara kubwa katikati ya watu waliokuwa wanatoka kazini. Mbele yetu alikuwa akija mteja wetu mmoja wa Ijumaa, na miguu yangu ilitaka kuvuka kwa mazoea. Levent alilihisi hilo, akapunguza mwendo, akaningoja. Niliushika mkono wake. Mteja aliinama, nami nikainama, mkono ukiwa bado ndani ya mkono.

"Jumatatu utawajibu nini?" nilimuuliza.

"Wewe niambie."

"Waambie umepata kiti."

Aliubana mkono wangu.

Muuza tofu alikuwa anashusha mlango wa duka. Alituona, akauacha mlango nusu, akaitazama mikono yetu kwa raha zake zote.

"Dada Chizuru, kesho nikuwekee viwili kama kawaida?"

"Vitatu," nilisema.

"Ahaa. Kuna mgeni nyumbani?"

"Hapana," nilimwambia. "Hakuna mgeni."